Namba Nilizosema Ziko Sawa

Filamu ya mdogo wangu ilikuwa mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikishasimulia yaliyobaki mtaniona nina roho mbaya, na roho mbaya ninayo, sikatai, ila filamu nayo ilikuwa mbaya.

Iliitwa Sadaka ya Tisa. Muuaji ni mpiga kengele wa kanisa aliyechoshwa na unafiki wa waumini, basi anawamaliza mmoja mmoja. Kila anapoua huacha pembeni ya maiti ubao wa namba za nyimbo, ule ubao mdogo unaotundikwa ukutani kanisani ili watu wajue wafungue wimbo gani. Mpelelezi akiiona namba anafungua kitabu, anasoma ubeti, na ubeti unamwambia mauaji yanayofuata yatatokea wapi. Wazo si baya. Ukilisimulia mezani watu wanaacha kutafuna. Sasa mpe Kitinda kamera. Muuaji anahubiri dakika kumi na moja, nilizihesabu, huku anayetakiwa kuuawa ametulia kama mtu anayesubiri nywele zikauke saluni. Mpelelezi anavuta sigara dirishani akitazama mvua, na mvua yenyewe niliimwaga mimi kwa mpira wa bustani, ukitazama vizuri utaliona jua limewaka nyuma yake. Tena pamoja na jina lote hilo la tisa, wanaouawa ni watano tu. Hao wanne sijui walisamehewa.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza vifaa. Kazi yangu ni kuhakikisha kila kinachoshikwa na mwigizaji kipo, kinafanana na cha kweli, na kimekaa palepale kilipokaa jana: kikombe, kisu, damu ya sukari na rangi, barua yenye mikunjo. Nimeifanya miaka kumi na tisa, kwenye majukwaa na kwenye filamu za watu wenye majina. Miaka yote hiyo baba hakuja kuiona kazi yangu hata siku moja. Mara ana mgongo, mara ana mafua, mara ana kikao cha wazee wa kanisa. Wageni wakimuuliza binti yako anafanya nini, anajibu, "Yuko kwenye mambo ya vibao na mapazia." Kitinda alipotamka tu kwamba anatengeneza filamu yake ya kwanza, hata picha moja haijapigwa, mzee akaenda kwa fundi kupimwa suti.

Tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho. Mimi ni wa kwanza, na hakuna aliyewahi kusumbuka kunipa jina la utani. Akivunja kioo cha kabati, nachapwa mimi kwa kutomwangalia. Akifeli mtihani, baba anasema mtoto amechoka. Ana kicheko fulani kinachomfanya mtu amsamehe kabla hajajua amekosewa nini, na ameishi kwa kicheko hicho mpaka ana miaka thelathini na mbili. Nampenda, ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Lakini wivu nilionao juu yake naujua kama ninavyoujua mkono wangu, na sijawahi kuupumzisha.

Kulikuwa na kitu kimoja tu nyumbani kwetu ambacho kilikuwa changu peke yangu. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya, mkali, mwenye sikio la kumtoa mtu mmoja anayeimba vibaya katikati ya watu thelathini. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili kanisa lilitoa kitabu kipya. Nyimbo zilezile, namba nyingine. Wenzake walikishika kitabu ndani ya mwezi mmoja, lakini yeye namba za zamani zilikuwa zimeshaganda kichwani. Jumapili ya kwanza alitangaza wimbo wa mazishi, watu wakafungua wa harusi, na jeneza liko pale mbele. Wiki hiyo hakula vizuri. Jumamosi akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akatandika karatasi ya manila mezani. Tukachora safu mbili, namba ya zamani huku, ya sasa kule. Nilizishika zote kichwani kwa siku tisa. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri alininong'oneza namba zake, mimi nikapachika za sasa kwenye ubao, na Jumapili yeye akazisoma ukutani kwa sauti nene kama mtu aliyezaliwa nazo. Kwaya nzima iliamini mwalimu amekimeza kitabu kipya kwa wiki moja. Kwa miaka sita nilikuwa mtu wa maana katika nyumba ile. Nilipoondoka kwenda kutafuta maisha nilimwachia ile manila, na nasikia aliendelea nayo mpaka alipostaafu.

Sasa, siku Kitinda alipokuja stoo ya vifaa, nilikuwa napiga msasa ubao wa filamu. Alisimama mlangoni na kikaratasi.

"Dada, una dakika?"

"Sina, ila sema."

"Hebu niangalizie hizi namba. Wewe ndiye unayeyajua mambo ya nyimbo. Mimi kanisani nilikuwa nalala chini ya benchi."

Nikapokea. Mistari mitano, kwa mwandiko wake wa kuku. Arobaini na moja, wimbo wa mto. Kumi na saba, wimbo wa mlima. Themanini na nane, wimbo wa taa. Sikuhitaji hata kufikiri. Zilikuwa namba za kitabu cha zamani. Kwa kitabu cha sasa, ambacho kila muumini amekizoea zaidi ya miaka thelathini, arobaini na moja ni wimbo wa kutoa sadaka, kumi na saba ni wa kumwingiza bibi harusi, na themanini na nane ni wa watoto wadogo kushukuru kwa chakula. Nikajua alichofanya: amekwenda kwa baba, amevuta kile kitabu kikuukuu kwenye rafu, amenakili, amemaliza. Uvivu wake wa siku zote. Nikafungua mdomo nimwambie.

Naye akawahi. "Unajua mzee anakuja siku ya kuonyesha? Na anawaleta wanakwaya wake wote wa zamani, watu kumi na wanne. Leo peke yake amenipigia simu mara tatu. Eti avae tai gani."

Mimi baba alinipigia mara ya mwisho miezi minne nyuma, akitaka namba ya fundi bomba.

"Vipi, ziko sawa?" akauliza Kitinda.

"Ziko sawa," nikasema.

Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka anapiga mluzi. Nami nikachukua brashi, nikaandika namba zile kwa rangi nyeupe, taratibu, kwa umbo zuri, na sijawahi kupaka rangi kwa raha kama siku ile. Nilitaka kitu kimoja tu: baba akae kwenye kiti cha mbele, na suti yake, na kwaya yake, amwone Kitinda akianguka. Mara moja tu. Halafu, sijui, labda angegeuza shingo, aone kwamba ana mtoto mwingine.

Nilikuwa na wiki tano za kusema. Usidhani sikufikiria. Siku moja Kitinda aliwasimamisha watu wote, akanishika bega, akasema, "Bila huyu dada hii kazi isingekuwepo," na wote wakapiga makofi, na moyo ukanisuta kwelikweli. Nikaamua nitamwambia jioni. Alasiri hiyohiyo baba akaja kututembelea. Tulikuwa tunapiga picha za yale mahubiri ya dakika kumi na moja. Akawekewa kiti kivulini, akatazama kila kitu kwa mdomo wazi, akapiga makofi mahali pasipotakiwa makofi, tukarudia. Meza yangu ya vifaa ilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alipoondoka alipita pembeni yake, akaitazama damu, akatazama visu, akaniambia, "Usisahau kumpa mdogo wako maji, jua kali hili." Basi. Jioni ikafika, nikajikausha.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wenye viti vyekundu vilivyochakaa na kapeti linalonuka unyevu. Kitinda alikaa mstari wa mbele, baba kulia kwake, suti mpya, tai ya buluu. Kushoto kwa Kitinda kulikuwa na kiti kitupu, alichonitengea mimi. Mimi nilikaa mstari wa sita, nyuma ya wanakwaya, karibu na yule mama tunayemwita Soprano, ambaye sauti yake hata akikohoa inafika barabarani. Taa zikazimwa, kengele ikalia, maiti ya kwanza ikaonekana. Watu walitulia. Nakubali, maiti ile ilitisha. Niliitengeneza vizuri.

Kisha kamera ikasogea polepole mpaka kwenye ubao. Arobaini na moja, nyeupe, kubwa, imejaa skrini nzima.

Nikamsikia Soprano akivuta pumzi. "Sadaka?" akanong'ona, na mnong'ono wake ukasikika ukumbi mzima. Mtu akacheka puani. Mpelelezi akafungua kitabu kwa vidole vinavyotetemeka akasema kwa uchungu, "Arobaini na moja... mto. Atakuwa mtoni!" na mstari mzima wa tano ukaanza kutikisika. Ilipofika maiti ya pili na namba ya bibi harusi, mzee mmoja wa besi akaanza kuuvumisha wimbo wenyewe kwa chini, wenzake wakamdaka kwa sauti zote nne. Maiti imelala kando ya mto, na ukumbi unamwingiza bibi harusi! Kwenye maiti ya tatu hawakujizuia tena. Watu walivunjika mbavu. Hata wale wasiosali kanisa letu walicheka kwa kuambukizwa, na muuaji alipoanza yale mahubiri yake, mtu nyuma akapiga kelele, "Chakula kinapoa, mtumishi!"

Nilifurahi. Siwezi kulipamba hilo. Nilikaa gizani na uso mkavu, na ndani nilikuwa nasherehekea. Nilimwona Kitinda akiteremka kwenye kiti chake kidogo kidogo mpaka kikabaki kisogo. Nikamtazama baba nione aibu ikimpanda. Baba hakuwa anatazama skrini. Alikuwa amegeuka nyuma, mkono juu ya mgongo wa kiti, anapekua nyuso kwa macho mstari baada ya mstari, mpaka akanipata. Akanitikisia kichwa, kama anayesema tulia, halafu akageuka mbele. Sikuelewa.

Filamu ikaisha, watu wakapiga yale makofi ya huruma. Tukatoka kwenye ukumbi mdogo wa nje, penye meza ya soda na mwanga wa mchana uliotuumiza macho. Wanakwaya wakamzunguka baba. Kitinda alisimama pembeni yake, kicheko chake amekivaa lakini kinampwaya. Nami nikasogea karibu. Niseme ukweli, nilisogea ili nisipitwe.

"Mwalimu, hongera, na pole," alisema Soprano huku akijifuta machozi ya kucheka. "Lakini muuaji wako angetuuliza sisi! Arobaini na moja ni wimbo wa sadaka, mwalimu wangu. Jamani, nusura nitafute pochi."

Wakaangua kicheko tena. Kitinda akainua mikono. "Kosa langu, mama zangu, baba zangu. Mimi ndiye mwongozaji. Sikufanya utafiti."

"Ah, mwanetu, ndiyo kwanza unaanza!" Wakaanza kumpigapiga mabegani, mmoja akampa soda yake. Mnaona? Hata kuanguka kwake kulikuwa na godoro chini. Roho iliniuma kiasi kwamba nilitaka kuondoka.

"Hapana," akasema baba.

Alisema kwa sauti yake ya zamani ya mazoezi, ile iliyokuwa inawanyamazisha watu thelathini.

"Si kosa lake. Namba hizo nilimpa mimi, kwa kichwa changu. Nikamwambia, mpelekee dada yako aziangalie kwanza, kichwa cha baba yako si cha kuamini. Akampelekea, na dada yake akasema ziko sawa." Akanionyesha kwa mkono wazi. "Basi ziko sawa. Huyu hajawahi kukosea namba."

Ningefikiri kidogo tu siku ile stoo, ningejua. Kitinda hajawahi kufungua kitabu cha nyimbo maishani mwake; namba zile zilitoka kwa mtu mmoja tu duniani. Lakini wivu haukunipa nafasi ya kufikiri.

Soprano alidhani ni utani. Akatoa kitabu chake kwenye mkoba, akakifungua. "Arobaini na moja hii hapa, mwalimu. Soma mwenyewe." Kisha akapunguza sauti, akamgeukia jirani yake, na kwa namna alivyosema ilionekana si mara ya kwanza: "Masikini, siku hizi anasahau."

Baba alisikia. Wote tulisikia. Akainyoosha suti yake kwa viganja.

"Sikilizeni. Kusahau, nasahau. Lakini hili sikulisahau, hili sikulijua kamwe. Namba za kitabu hicho sizijui. Sijazijua tangu kilipotoka. Mliokuwa mnaziona ubaoni Jumapili, ni huyu mtoto alikuwa anazipachika Jumamosi, ana miaka kumi na miwili. Alipoondoka nikawa nasoma kwenye karatasi aliyoniandikia. Mliniita bingwa, mkanipa saa ya ukutani. Ile saa ni yake. Leo nilipoona pale kwenye skrini ni zilezile nilizozitaja mimi, nilishtuka kidogo. Halafu nikasema, kumbe kichwa changu kimejirekebisha chenyewe, maana binti yangu amezipitia. Nikamtafuta nimtulize, asije akadhani namtilia shaka." Akanigeukia. "Waambie, mama. Waambie kitabu chao kina kasoro gani."

Miaka yote nimeyasubiri maneno hayo. Nilikuwa nimeyatunga hata mimi mwenyewe, nikiwa naosha brashi, nikiwa kitandani: baba amesimama mbele za watu anasema huyu. Sasa ameyasema, ameivua heshima yake mwenyewe mbele ya kwaya yake ili anivishe mimi, na macho ya watu kumi na wanne yako usoni kwangu. Nilimwona Kitinda ananitazama. Hakuwa na kicheko. Alikuwa anaikumbuka stoo, naona, na msasa, na jinsi nilivyojibu haraka.

Ningeweza kusema nilipitiwa. Angenisamehe hapohapo, kila mtu hupitiwa.

"Kitabu hakina kasoro, baba," nikasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni namba zako za zamani. Nilijua siku ileile aliyoniletea. Nikasema ziko sawa."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Nilitaka umwone akianguka."

Soprano alifunga mkoba wake taratibu, kana kwamba mlio wa zipu ungemtukana mtu. Baba alinitazama. Sikuona hasira, na hilo ndilo lilinitisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vitu vimehamishwa. Kisha akanipa mgongo, akanyoosha mkono kwa Soprano.

"Nipe hicho kitabu. Ngoja niuone mwenyewe huo wimbo wa mto."

Akakishika karibu na macho, akaanza ukurasa wa kwanza. Akalamba kidole, akafunua wa pili. Wanakwaya wote wanaijua namba ile, lakini hakuna aliyethubutu kumtajia. Kitinda akasogea, akashika upande wa pili wa kitabu, akainamisha kichwa mpaka kikagusana na cha baba, yeye asiyejua wimbo hata mmoja, wakawa wanatafuta pamoja. Na hapo, Mungu anisamehe, hata hapo, nilimwonea wivu.

"Ni mia mbili na tatu, baba," nikasema.

Walikuwa wamefika ukurasa wa tano. Baba akalamba kidole, akafunua wa sita.